Utatuzi wa matatizo ya nyasi za viwanja baada ya masika, Unguja na Pemba

Masika yanapomalizika mwishoni mwa Mei, mtunza kiwanja wa Unguja au Pemba hukutana na hali ambayo mwenzake wa nchi za baridi hukutana nayo theluji inapoyeyuka. Kiwanja kilichokuwa kijani mwezi wa Februari kina mabaka ya manjano, kina sehemu zilizooza na sehemu zenye utelezi, na pembeni nyasi zimerefuka hadi magotini kwa sababu mashine haikuweza kuingia kwa wiki kadhaa. Kule adui ni barafu inayoifunika ardhi na kuinyima pumzi, na kuvu anayestawi chini ya theluji. Huku kwetu adui ni maji. Mwezi wa Aprili pekee kwa kawaida hushusha mvua nyingi kuliko Juni, Julai na Agosti zikijumlishwa, na Pemba hupata zaidi ya Unguja.

Nimeandika kwa ajili ya wanaotunza viwanja vya gofu, ambavyo kwetu ni vichache sana, kikiwemo kile cha mashimo 9 upande wa Mangapwani, na pia kwa watunzaji wa bustani za hoteli na wa viwanja vya mpira mitaani, kwa kuwa ukoka ni ule ule na masika ni yale yale. Jambo ninalotaka lieleweke kabla ya yote ni kwamba umanjano wa nyasi ni dalili tu, na chanzo chake karibu kila mara kimo chini ya ardhi. Anayekimbilia duka la mbolea kabla ya kuchimba na kutazama mizizi huenda akalipa fedha ili kuua nyasi ambazo zingejiponya zenyewe.

Chimba kwanza

Chukua sepeto au kisu kirefu, ukate kipande cha udongo chenye upana wa sentimita 10 na kina cha sentimita 15 pamoja na nyasi zake. Kata kimoja kwenye sehemu mbovu, kimoja kwenye sehemu nzima, na kimoja pale ambapo nzima inakutana na mbovu. Hicho cha tatu ndicho chenye habari nyingi, kwa sababu tatizo bado linaendelea pale na halijafuta alama zake.

Tazama kwanza kitako cha nyasi, yaani pale shina linapokutana na mizizi, na vile vikonyo vinavyotambaa chini kwa chini. Vipasue kwa kucha. Vikiwa vyeupe na vigumu, mmea uko hai hata kama majani yote ya juu yamekauka. Vikiwa vya kahawia na vinapondeka kama ndizi iliyoiva mno, mmea umekufa na hakuna mbolea itakayoufufua. Kisha pima urefu wa mizizi. Ukoka wenye afya kwenye udongo wenye kina huteremsha mizizi hadi sentimita 15 na zaidi, lakini baada ya masika mazito si ajabu kukuta imebaki sentimita 3 au 4, kwa sababu mizizi inayokosa hewa hufa kutoka nchani. Mwisho nusa udongo wenyewe. Udongo mzima una harufu ya mvua. Udongo uliokosa hewa unanuka kama mayai viza.

Ukiwa na shaka kama nyasi ziko hai, liko jaribio ambalo watunza gofu wa nchi za baridi hulifanya mwisho wa majira yao ya theluji, na linafaa kwetu bila ya kubadilishwa. Vitie vipande vya udongo ndani ya beseni lililotobolewa, viweke penye jua, vinyunyizie maji kidogo kila siku, na usubiri siku 10. Kama majani mapya yanachipua, kazi yako ni kurekebisha mazingira. Kama hayachipui, kazi yako ni kupanda upya. Siku hizo 10 zinaokoa mwezi mzima wa kubahatisha.

Fanya na majaribio mengine mawili. Sukuma bisibisi ndefu ardhini kwa mkono mmoja, na ikikwama kabla ya kufika sentimita 8 ilhali udongo una unyevu, udongo huo umeshindiliwa. Kisha chukua konzi ya udongo mkavu, uudondoshee siki au maji ya ndimu. Ukitoa mapovu, una chokaa ya matumbawe ndani yake, na jambo hilo litabadilisha mbolea utakayochagua.

Inasaidia pia kuujua udongo kwa majina yake ya huku. Kinongo, ule mwekundu wa upande wa magharibi, hupitisha maji vizuri na nyasi zake hupona haraka. Kinamo, ambao Pemba unajaa mabondeni, hushika maji na kushindiliwa vibaya. Mchanga hupoteza rutuba yake yote kwa mvua za wiki chache. Uwanda wa mashariki na kusini mwa Unguja una kina kidogo juu ya jiwe la matumbawe, kiasi kwamba kiwanja kimoja kinaweza kuwa na sentimita 40 za udongo hapa na sentimita 5 hatua mbili mbele. Huko, kabla ya kulaumu ugonjwa, pima kina cha udongo kwa nondo nyembamba.

Nyasi zimekuwa kahawia siku mbili baada ya kukatwa

Hili ndilo tatizo la kwanza kuonekana, na chanzo chake ni mikono yetu wenyewe. Mvua ilizuia mashine, nyasi zikarefuka, na siku jua lilipotoka mtu akateremsha kisu hadi chini kwa haraka ya kukiona kiwanja kiko tayari. Nyasi zinaporefuka, majani yote mabichi huhamia juu na chini hubaki mashina matupu yasiyoliona jua, hivyo kuzikata mpaka chini ni kuondoa kila kinachotengeneza chakula cha mmea, tena wakati mizizi ni mifupi na haina akiba.

Tiba ni kusubiri, kumwagilia kiasi, na kutoweka mbolea nyingi kwa wiki mbili. Kinga ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja. Kama nyasi zina sentimita 12 nawe unataka 3, kata hadi 8, kisha 5 na nusu, kisha 4, kisha 3, ukipumzisha siku tatu au nne kila mara, na uziondoe nyasi zilizokatwa zisije zikafunika na kuozesha zilizo chini. Kwa grini, yaani ile sehemu laini yenye shimo ambayo ukoka wake hukatwa hata kwa milimita 3 au 4, usithubutu kurudi kwenye kimo hicho kabla ya wiki tatu. Anza kwa milimita 7 au 8 ukiteremka pole pole.

Tazama na ncha za majani. Zikiwa zimechanika na kupauka badala ya kukatika sawasawa, kisu cha mashine ni butu. Kwa uzoefu wangu nusu ya viwanja vinavyoonekana vyeupe kwa mbali baada ya mvua havina ugonjwa wowote, vina kisu kisichonolewa tangu Januari. Fyekeo nalo linoe.

Kiwanja kizima kimekuwa cha manjano

Hapa kuna vyanzo viwili vinavyofanana kwa mbali na kutofautiana kwa karibu. Chuma jani la zamani, la chini, na jani changa la juu, uyaweke pamoja kwenye kiganja. Kama la zamani ndilo la manjano na changa bado lina kijani, nyasi zimekosa naitrojeni, kwa kuwa mmea wenye njaa huinyang'anya naitrojeni jani kongwe ili kulisha jipya. Kama changa ndilo la manjano, hasa likiwa na mistari myembamba ya kijani kati ya umanjano, zimekosa madini ya chuma, ambayo mmea hauwezi kuyahamisha kutoka jani moja hadi jingine.

Ukosefu wa naitrojeni baada ya masika hauna ajabu, kwani maji huikokota hadi chini ya mizizi, na kwenye udongo uliotuamisha maji vijidudu huigeuza kuwa gesi inayopaa. Mbolea ninayoipendelea kwa udongo wetu wenye chokaa ni SA, yaani salfeti ya amonia, yenye naitrojeni asilimia 21, kwa sababu inaongeza na salfa na hupunguza kidogo ukali wa chokaa kuzunguka mizizi. Kipimo cha gramu 20 hadi 25 kwa mita mraba, yaani kilo 2 hadi 2 na nusu kwa mita mraba 100, kinatosha kwa mwezi. Igawe mara mbili kwa umbali wa wiki mbili ikiwa mizizi yako ni mifupi. Mwaga mbolea majani yakiwa makavu, kisha umwagilie papo hapo mpaka ichukuliwe chini, maana mbolea ya namna hii ikiachwa juu ya udongo wa chokaa sehemu yake huondoka hewani.

Ukosefu wa chuma ni habari nyingine, na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilikuwa nikitunza bustani ya hoteli moja kwenye mwambao wa mashariki, nyasi zikawa za manjano mwezi wa Juni, nami bila ya kuchimba nikamwaga urea kwa wingi nikidhani zina njaa. Udongo ulikuwa bado umejaa maji na mizizi haikuzidi sentimita 4. Kwa siku chache nyasi zilisukuma majani mapya mengi, nayo yakatoka ya manjano zaidi, kisha zikaungua mabaka mabaka kwa ukali wa urea yenyewe. Chuma kilikuwemo kwenye udongo ule muda wote. Chokaa ilikuwa imekifungia, na maji yaliyotuama yalizidi kukifungia. Lau ningesubiri udongo ukauke kwa wiki mbili, sehemu kubwa ya umanjano ule ingeondoka yenyewe.

Kwa hiyo ukishatambua kuwa tatizo ni chuma, ondoa kwanza maji. Kama baada ya wiki mbili za ardhi iliyokauka vizuri umanjano bado upo, nyunyizia salfeti ya chuma juu ya majani, kiasi cha gramu 1 kwa mita mraba ikiwa imeyeyushwa ndani ya maji, asubuhi au jioni, kamwe si mchana wa jua kali. Kuitia ardhini penye chokaa ni kuipoteza, kwani itafungiwa kama iliyotangulia. Tena jihadhari na vibaraza vya saruji na mawe meupe, kwa sababu dawa hii huacha madoa ya kutu yasiyotoka.

Maji hayazami, na udongo unanuka

Hapa ndipo pa kutumia nguvu na fedha zaidi, kwa kuwa magonjwa mengi nitakayoyataja huanzia hapa.

Pima kwanza. Chukua kopo lililo wazi pande zote mbili, likite ardhini sentimita 5, ulijaze maji, yaache yazame, ulijaze tena, kisha hesabu yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka chini ya sentimita 1, ardhi hiyo haitaweza kubeba hata mvua za vuli, seuze masika yajayo. Rudia kipimo mahali pengi, kwani mara nyingi utagundua kuwa kiwanja kimeziba sehemu chache tu: njia ya gari la gofu, mlango wa kuingilia, mbele ya goli, na pale wanapopitia wanafunzi kwenda skuli.

Sababu ya kwanza ni kushindiliwa. Udongo uliolowa ukikanyagwa hujifunga kuliko ukikanyagwa ukiwa mkavu, na mechi moja iliyochezwa kwenye kinamo siku ya mvua hufanya madhara yasiyofanywa na mechi kumi za Januari. Ng'ombe wanaofungwa malishoni kwenye kiwanja cha kijiji hufanya vivyo hivyo. Suluhisho ni kutoboa. Wenye mashine hutumia ile yenye meno yaliyo wazi ndani kama bomba, inayong'oa vijiti vya udongo na kuviacha juu; asiye nayo atumie uma wa bustani, aukite hadi sentimita 10, autikise kidogo mbele na nyuma, asogee sentimita 10, aukite tena. Ni kazi ya kuchosha, lakini watu wanne kwa siku mbili hulimaliza eneo la mbele ya magoli yote mawili. Usitoboe udongo ukiwa tope, kwa sababu uma utapaka kuta za tundu na kuliziba. Subiri hadi konzi ya udongo uliyoifinya iweze kuvunjika kwa kidole.

Baada ya kutoboa, sambaza mchanga milimita 4 na uusugue kwa ufagio wa njukuti uingie matunduni. Meta moja ya ujazo inatosha mita mraba 250. Suala la mchanga gani linahitaji uangalifu. Mchanga mweupe wa ufukweni unavutia kwa kuwa uko karibu, lakini ni matumbawe na makombe yaliyosagika, umejaa chumvi na chokaa, na unapelekea ukosefu wa chuma nilioueleza. Zaidi ya hayo, kuuchota ni kuubomoa mwambao wenyewe. Tumia mchanga wa shimoni, ulionunuliwa kwa wenye kibali, na uujaribu kwa siki kabla ya kulipa. Mchanga mwembamba kama unga uukatae hata ukitolewa bure, maana huziba tundu badala ya kulifungua.

Sababu ya pili ni tabaka. Ukikata kipande ukaona mstari mweusi wa upana wa kidole, sentimita 3 hadi 8 kutoka juu, na mstari huo ndio unaonuka mayai viza, hilo ni tabaka jeusi linaloundwa na vijidudu vinavyoishi pasipo hewa. Huanzia pale aina mbili za udongo zinapokutana, kwa mfano mchanga uliomwagwa juu ya kinongo bila ya kuchanganywa, kwa kuwa maji husita kwenye mpaka huo. Usitie salfa wala mbolea yenye salfa, ikiwemo ile SA niliyoisifu, mpaka tabaka limepasuliwa, kwani salfa ndiyo chakula cha vijidudu hivyo. Pasua kwa kutoboa kina zaidi ya tabaka lenyewe, hata mara mbili ndani ya miezi miwili.

Sababu ya tatu ni kwamba maji hayana pa kwenda. Viwanja vingi vya Pemba vimelazwa mabondeni kando ya mpunga, kwa kuwa hapo ndipo palipo tambarare, na Mnazi Mmoja ya mjini iko jirani na eneo lililokuwa likiingia maji ya bahari kabla ya kufukiwa. Penye hali hiyo kutoboa pekee hakutoshi. Chimba mfereji pembezoni upande wa mwinuko ili ukate maji kabla hayajafika kiwanjani, na ndani ya kiwanja chimba mitaro myembamba ya kina cha sentimita 40 hadi 50, uijaze kokoto na juu yake mchanga, ielekee upande wa chini kwa mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita. Kipupwe ndicho wakati wake. Anayesubiri hadi Februari ataifanya kazi hiyo huku ardhi imekauka kama tofali.

Utando wa kijani unaoteleza

Huu huota penye kivuli, penye maji na penye nyasi hafifu, hasa chini ya mikungu na miembe. Ukwangue kwa reki ukikauka, utoboe chini yake, na upogoe matawi ya chini ili jua lifike. Ukoka unahitaji jua la moja kwa moja la saa sita au zaidi kwa siku. Chini ya hapo utakuwa unarudia kupanda kila mwaka, na ni bora kukubali na kuweka kokoto au mimea ya kivuli.

Mabaka ya mviringo na majani yaliyooza

Amka mapema, kabla ya umande kukauka, kwa sababu saa tatu asubuhi ushahidi umeshaondoka. Mabaka madogo ya rangi ya majani makavu, ukubwa wa sarafu, ambayo kila jani lina doa lililopauka lenye ukingo wa kahawia, ni ugonjwa unaopenda nyasi zenye njaa ya naitrojeni na umande mrefu. Kipimo kidogo cha mbolea, na kupangusa umande asubuhi kwa kuburura kamba ndefu au mpira wa maji juu ya nyasi, mara nyingi hutosha bila ya dawa.

Mabaka yanayoonekana kama yamemwagiwa mafuta, majani yakiwa meusi na yanateleza vidoleni, yenye nyuzi nyeupe kama pamba alfajiri, na yanayofuata njia ya maji au ya matairi ya mashine, ni hatari zaidi. Huo ni uozo wa maji, ambao huweza kuua grini nzima ndani ya siku mbili za joto na unyevu, mara nyingi Mei mvua ikipishana na jua kali. Usiingize mashine humo kabla nyasi hazijakauka, kwa kuwa utaubeba kwa magurudumu. Usiweke naitrojeni. Na ufahamu kwamba dawa nyingi za kawaida za kuvu hazikidhuru kijidudu kinachouleta uozo huu, ambacho si kuvu hasa. Muombe muuzaji dawa yenye metalaksili na usome lebo mpaka mwisho.

Duara la kijani kizito, pengine na uyoga pembeni, ni kuvu anayekula mizizi ya mti uliozikwa au mabaki ya mbao za ujenzi. Mara nyingi halina madhara. Likianza kukausha nyasi, toboa kwenye ukingo wake na uloweshe kwa maji mengi yenye tone la sabuni.

Kuhusu dawa zote nina neno moja ambalo naliona zito kuliko kiwanja chochote. Maji yetu ya kunywa yanatoka visimani, mapangoni na kwenye chemchemi, na jiwe la matumbawe halichuji. Kinachomwagwa juu leo hufika chini upesi. Usipulizie dawa kabla ya mvua, wala karibu na kisima, wala uoshe bomba la kupulizia penye mkondo wa maji.

Nyasi zinang'oka kama mkeka

Ukivuta nyasi kwa mkono zikafuatana zote bila ya mizizi, geuza upande wa chini. Funza weupe waliojikunja kama herufi C ni watoto wa mbawakawa, nao ndio wamekata mizizi. Kunguru mara nyingi hukutangulia kuwaona: ndege huyu aliyeletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 hufukua nyasi kwa mdomo kuwatafuta, na mtunzaji asiyejua hulaumu ndege badala ya kinachotafutwa na ndege. Hesabu funza kwenye eneo la sentimita 30 kwa 30. Wawili au watatu si tatizo kwa nyasi zenye afya. Wakifika kumi, chukua hatua.

Vijia vilivyovimba kama mshipa juu ya udongo laini ni kazi ya mdudu wa jamii ya nyenje anayechimba chini kwa chini, ambaye baadhi humwita chenene. Majani yaliyoliwa usiku yakabaki vijiti, eneo likipanuka kila siku, ni viwavijeshi, ambao hufuata mvua. Kwa hawa wote fanya jaribio la sabuni: vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ndani ya lita 5 za maji, umwage juu ya mita mraba moja jioni, usubiri dakika 10. Walio karibu na juu watatoka wenyewe, nawe utajua unapambana na nani. Funza weupe hawatoki kwa njia hii. Hao lazima uwachimbe.

Ncha zimeungua upande mmoja tu

Masika huosha chumvi, kwa hiyo chumvi si mtuhumiwa wa kwanza mwezi wa Juni, isipokuwa mahali pawili. Pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu na Jambiani, Kusi hupeperusha marasharasha ya bahari hadi kwenye nyasi, na ukaukaji huonekana upande unaoelekea upepo. Kwenye bustani za chini, maji ya bamvua hupenya kutoka chini hata kama hayaonekani juu. Ukiona unga mweupe kwenye udongo mkavu, na nyasi zinanyauka ilhali udongo una unyevu, ndiyo chumvi. Osha majani kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, asubuhi baada ya upepo mkali, na mwagilia kwa wingi mara chache badala ya kidogo kila siku. Mahali pa namna hiyo ni busara kubadilisha nyasi na kupanda paspalamu, ambayo kwa asili yake huota kando ya bahari na huvumilia chumvi kuliko ukoka.

Ndago

Ndago, gugu lenye viazi vidogo chini ya ardhi, hushamiri penye maji. Kuing'oa bila ya viazi vyake ni kuizidisha, na kuipalilia kwa jembe ni kuvisambaza. Kausha udongo, kisha ichimbe ikiwa changa kabla haijafanya viazi vipya.

Sehemu zilizokufa, na siku ya kufungua kiwanja

Pale ambapo kitako kilikuwa cha kahawia na beseni halikuchipua, ondoa mabaki yote, tibua udongo sentimita 10, changanya mboji iliyoiva, na usawazishe. Kata vikonyo vya ukoka kutoka pembezoni mwa kiwanja hicho hicho, ambako vimeshazoea udongo wenu, kila kimoja kiwe na vifundo viwili au vitatu. Uvipande kwa umbali wa sentimita 15, kifundo kimoja kiwe chini ya udongo, kimoja juu. Samadi mbichi usiitumie. Huja na mbegu za magugu na huunguza.

Nyunyizia maji kidogo mara mbili au tatu kwa siku katika siku 10 za mwanzo, kisha punguza idadi na uongeze wingi ili mizizi iyafuate maji chini. Ukipanda katikati ya Juni, baridi ndogo ya kipupwe hupunguza mwendo wa ukoka lakini haiusimamishi, kwa kuwa usiku wetu kwa kawaida haushuki sana chini ya nyuzijoto 20. Tarajia kufunika eneo kati ya wiki nane na kumi.

Wachezaji wataanza kuuliza mapema, na mwenye hoteli pia. Usiwajibu kwa kutazama rangi, kwani kijani hurudi kabla ya mizizi. Shika konzi ya nyasi mpya karibu na ardhi, uivute kwa nguvu ya kufungua mlango uliokwama. Ikitoka, kamba ya kuzuia ibaki mahali pake wiki mbili nyingine. Ikikatika majani na vitako vikabaki ardhini, kata mkato wa kwanza kwa kimo cha juu, na kamba uiondoe siku ya tatu yake.